Nimemaliza marathoni ya kwanza, ila kilomita tisa za mwisho nilitembea. Hiyo nayo ni kukimbia?

#1 Mgebuka Mkavu (Mwanga, Kigoma), Jumanne saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Niende kwenye hoja.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Moshi, Kilimanjaro Marathon, kilomita 42 na zile mita 195 zake. Ya kwanza maishani. Muda wangu 5:13:40. Medali ninayo, nimeitundika kwenye msumari wa kalenda.

Kilomita 10 za mwanzo nilizimaliza kwa dakika 58. Nusu nikaipita kwa 2:05. Tukaanza kupanda kuelekea Mweka, nikapanda polepole lakini bila kusimama, watu wanashangilia, watoto wanaomba chupa. Kule juu tukageuza. Kuanzia hapo ni kushuka mpaka uwanjani, nikajiambia kazi imekwisha. Kilomita ya 33, saa inasoma 3:32, mapaja yakagoma. Siyo kwamba yaliuma, yaligoma. Naamuru mguu, mguu hauji. Nikatembea. Nikijitutumua nakimbia nguzo mbili za umeme, natembea tena. Karibu na mjini mzee mwenye mvi kichwa kizima akanipita huku anaongea na simu.

Nimerudi Kigoma, kila mtu ana swali lile lile: umekuwa wa ngapi? Mama yangu yeye kauliza wamenipa shilingi ngapi. Nilipomwambia kwamba nililipa mimi ndipo nikakimbia, alininyamazia kama mtu anayetafuta maneno ya kumfariji mgonjwa.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, mtu aliyetembea kilomita tisa ana haki ya kusema amekimbia marathoni? Shemeji yangu anasema nilikwenda kwenye matembezi ya hisani. La pili, tangu nirudi sina hamu. Viatu naviona mlangoni, navipita. Karibu miaka miwili nilikuwa na lengo moja tu, sasa limekwisha. Nishike lipi?

#2 Konda Mstaafu (Kigoma)

Nimekaa siti ya mbele. Ngoja wajuzi waje.

#3 Shemeji wa Wote (Ujiji)

Mkuu, kilomita tisa kwa mguu hapo hukufanya michezo, ulikuwa unafuata mawese. Nipo upande wa shemeji yako.

#4 Daktari wa Miguu (Gungu, Kigoma)

Hongera mtoa mada, na usimsikilize #3, huyo akipanda ngazi za benki anapumzika mara mbili.

Kwenye mapaja nikuambie kitu. Watu wanaogopa mlima wa kupanda, lakini unaokuharibu ni wa kushuka. Ukipanda, msuli wa paja unajikunja ndipo unakusukuma. Ukishuka, msuli huo huo unajikaza kama breki huku unavutwa urefuke. Kila hatua unachanika kidogo kidogo, nyuzi ndogo usizozihisi. Wewe umefika Mweka umechoka, halafu ukafurahia mteremko ukaachia mwili. Kilomita moja tu ya hivyo inatosha. Nijibu swali moja: siku mbili baada ya mbio ulishukaje ngazi?

#5 Mgebuka Mkavu

@Daktari wa Miguu kinyumenyume, nimeshika ukuta. Mhudumu wa nyumba ya wageni alidhani nimelewa. Wewe ni daktari wa hospitali gani mkuu?

#6 Daktari wa Miguu

Mimi ni fundi viatu. Jina nilipewa na wateja.

#7 Konda Mstaafu

😂😂😂 Uzi huu sitoki.

#8 Nyuki wa Sikonge (Tabora)

Mwangaluka wana Kigoma. Fundi kaeleza vizuri lakini kakosea chanzo. Kilomita ya 33 ni kituo kinachojulikana duniani kote, hata kwenye njia zisizo na mlima. Mwili unahifadhi sukari kwenye misuli na ini, wataalamu wanaiita glaikojeni, na hiyo akiba kwa mtu wa kawaida inaisha karibu na kilomita ya 30. Ikiisha unabaki na mafuta ya mwili, ambayo yapo mengi lakini yanaungua polepole. Ndiyo maana unaamuru mguu na mguu hauji. Gari halijaharibika, tangi limekauka.

Swali langu kwa mtoa mada: ulikula nini njiani? Mimi natembea na asali ya Sikonge kwenye vifuko vile vya barafu, nachanganya na limao na chumvi chembe mbili tatu. Kila dakika 40 nang'ata kona, nanyonya. Sijawahi kugota.

#9 Mtoto wa Kibondo

Asali ya Sikonge ndiyo ipi? Ile mnayoichanganya na maji ya sukari? Njooni Kibondo mlambe asali.

#10 Nyuki wa Sikonge

@Mtoto wa Kibondo sitaki ugomvi usiku huu. Tabora yetu, Toronto kwa jina la mtaani, ndiyo nyumbani kwa asali na hilo linajulikana.

#11 Binti Kanyenye (Tabora)

Tabora Toronto, sawa, turudi kwenye mada. Mnahangaika na mapaja na asali wakati jibu mtoa mada ameliandika mwenyewe kwenye aya ya tatu. Kilomita 10 kwa dakika 58 ni 5:48 kwa kilomita. Mtu anayekimbia marathoni yake ya kwanza, yenye mlima katikati, anaanza kwa mwendo wa kumaliza saa nne na dakika tano! Alijiandaa kumaliza kwa saa nne?

Angeanza kwa 6:45 kila kilomita, akawa anaona aibu kupitwa na kina mama, angemaliza kwa 4:45 bila kutembea. Nusu saa nzima mapema. Dakika alizookoa asubuhi amezirudisha mchana na riba. Niliyafanya hayo hayo mbio zangu za kwanza, na wala hazikuwa marathoni, zilikuwa nusu tu. Ngoma inapigwa, watu elfu wanaondoka, nawe unaondoka nao.

#12 Mzee wa Bangwe (Kigoma)

Vijana mnazunguka. Sisi ni watu wa ziwani, tumezoea hewa nzito. Moshi ni milimani, hewa nyepesi. Mtoto wa ziwa ukimpeleka mlimani lazima akate pumzi. Hilo halihitaji hesabu.

#13 Reli ya Kati (Tabora)

Shikamoo mzee. Samahani nikurekebishe kidogo. Uso wa Ziwa Tanganyika wenyewe uko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kigoma siyo Tanga. Moshi mjini haijaizidi sana Kigoma kwa kimo, na sisi Tabora tuko kama mita 1,200, juu kuliko Moshi mjini. Mweka kule juu sawa, lakini hewa ya Mweka haiwezi kumlaza mtu wa Mwanga.

Mimi naona jua. Hapa wengi hawajafikiria. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini Kigoma iko magharibi kabisa na Moshi iko kaskazini mashariki. Jua linachomoza Moshi karibu nusu saa kabla halijachomoza Kigoma. Mtoa mada, mazoezi yako unafanya saa ngapi?

#14 Mzee wa Bangwe

Marahaba. Hizo mita nimezikubali. Pumzi bado.

#15 Mgebuka Mkavu

Asanteni sana, nijibu kwa mkupuo.

@Reli ya Kati naanza saa 11 alfajiri, mara nyingi narudi saa 1, na kwetu hiyo saa 1 jua ndiyo kwanza linachomoza. Kwa hiyo ni kweli, karibu mazoezi yangu yote jua sijaliona. Kule Moshi saa 3 lilikuwa limenikalia shingoni.

@Nyuki wa Sikonge usiku wa kuamkia mbio nilikula machalari sahani mbili, asubuhi chai na andazi moja, nikaogopa tumbo. Njiani nilikunywa maji, machungwa vipande viwili, na kilomita ya 25 jamaa mmoja mwema alinipa jeli ya kunyonya. Sikuwahi kuionja maishani. Tumbo likanguruma kama injini ya boti, nikaomba choo nyumba ya watu. Hapo zilipotea dakika nane. Mama mwenye nyumba alinipa maji ya kunawa na ndizi mbili, Mungu ambariki.

Sasa mazoezi. Mimi kazi yangu ni dagaa, nipo mwaloni Kibirizi. Mnajua dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo boti zinaingia usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, watu wanapumzika. Siku za giza nakuwa mwaloni tangu saa 10 usiku kupokea mzigo, nikipata kukimbia ni kilomita tano sita za kuibia. Mwezi ukiwa mpevu ndiyo nakimbia ndefu: 20, 25, mara moja 30. Hata kuanza kwenyewe nilianza ziwa lilipofungwa, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024. Miezi mitatu hakuna kuvua, nimekaa na madeni, mwenzangu mmoja akaniambia twende tukimbie tusije tukaanza pombe.

#16 Binti Kanyenye

Ooh! Mbona hukusema toka mwanzo? Kwa hiyo mbio ndefu unapata wiki moja kwa mwezi, halafu wiki tatu unakimbia za kuibia. Miguu haijui kalenda ya mwezi, mkuu. Inataka ndefu kila wiki au kila baada ya wiki moja, ikirefuka kidogo kidogo. Nabadilisha jibu langu: nusu ni kuanza kwa kasi, nusu ni mwezi.

#17 Konda Mstaafu

Mtu wa kwanza duniani aliyeangushwa na mbalamwezi.

#18 Bi Mawese (Katubuka, Kigoma)

Nimesoma yote, nimecheka, lakini swali la pili hakuna aliyeligusa. Wanaume mkiulizwa habari ya moyo mnajibu habari ya mapaja.

Mgebuka, mdogo wangu, hayo ya kukosa hamu yalinipata. Nilimaliza marathoni nikiwa na miaka 41, watoto watatu. Wiki mbili baadaye nalia nikiosha vyombo, sijui nalilia nini. Nilivyokuja kuyaelewa ni hivi. Umefunga mwezi mzima, Idi imekuja, umekula pilau, umetembelewa. Siku ya nne unaamka saa 10 usiku kwa mazoea ya daku, nyumba imelala, hakuna wa kumpikia. Njaa huna, lakini unakosa kitu. Kile kitu ni ule mpangilio. Mwezi mzima kila saa ilikuwa na kazi yake.

Mimi nilikaa wiki sita bila kukimbia, sikujilazimisha, ikarudi yenyewe siku nilipoona wasichana wa shule wanakimbia mvuani.

#19 Mgebuka Mkavu

Dada, hapo kwenye daku umenishika pabaya. Asante.

#20 Mpimaji (Kasulu)

Naomba kupingana na Bi Mawese kwa heshima. Mimi ni wa maabara. Mtu amesafiri Kigoma hadi Moshi kwa basi, kakimbia saa tano juani, karudi kwa basi, na anaishi Kigoma. Wiki mbili baadaye anasema mwili mzito, hamu hana. Mimi siwazi daku, nawaza malaria. Nenda kapime kwanza. Na kama mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi siku zile baada ya mbio ungetakiwa uwahi hospitali siku hiyo hiyo, misuli ikivunjika sana figo zinapata shida. Usisubiri uzi.

Lingine, maji. Msimshauri mtu anywe tu maji kila kituo. Ukinywa maji matupu mengi kupita unachotoka jasho, chumvi ya damu inashuka, na hiyo imeua watu kwenye marathoni. Kunywa kwa kiu, na chumvi iwepo.

#21 Shemeji wa Wote

Sasa ameambiwa ale asali, aache mwezi, apime malaria, asinywe maji. Mtu alikuja kuulizia kama ametembea au amekimbia.

#22 Mwalimu wa Zamu (Nzega)

Niwarudishe kwenye swali la kwanza kwa mfano mmoja unaofunga mjadala. John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu, marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 1968. Alianguka, goti likaumia, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani usiku wa mwisho kabisa, anachechemea, wengine wameshaenda kulala. Walipomuuliza kwa nini hakuacha, akasema nchi yake haikumtuma kilomita 5,000 kuja kuanza mbio, ilimtuma kumaliza. Aliyetembea akamaliza, amemaliza. Nafunga.

#23 Reli ya Kati

Mwalimu, ni maili 5,000. Kilomita 5,000 kutoka hapa hata Atlantiki hujaimaliza.

#24 Shemeji wa Wote

Na mfano wako unamuumiza mtoa mada. Akhwari na goti lake bovu alimaliza kwa 3:25. Mgebuka mzima wa afya 5:13. Akhwari angemaliza, angeoga, angekula, angelala usingizi wa kwanza, ndipo mgebuka wetu anaingia.

#25 Mwalimu wa Zamu

@Reli ya Kati umenisahihisha, ni maili. @Shemeji wa Wote mshindi siku ile, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia 2:20:26. Akhwari alikuwa nyuma yake kwa saa moja na dakika tano. Walianza 75 wakamaliza 57. Kumi na nane waliacha, na hao walikuwa wakimbiaji wa Olimpiki, siyo wauza dagaa. Hoja yangu iko pale pale.

#26 Binti Kanyenye

Lakini mwalimu, Akhwari alitembea kwa sababu aliumia. Mtoa mada alitembea kwa sababu alipanga vibaya. Huoni hivyo ni vitu viwili?

#27 Mwalimu wa Zamu

Mstari wa kumalizia hauulizi sababu.

#28 Kwihara Juu (Tabora)

Mnadharau kutembea kana kwamba hamjui mmetoka wapi. Babu zetu Wanyamwezi walitembea kutoka huku mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800, begani mzigo wa kilo thelathini na kitu, iwe pembe au vitambaa, na kurudi. Ile miembe ya Ujiji na ya Tabora mnayokaa chini yake mnabishana ndiyo njia yao. Stanley, yule mzungu aliyekuwa anamtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Ujiji mwaka unaelekea kwisha, na njiani alikaa Kwihara kwetu miezi kadhaa. Hakuna aliyemuuliza alitembea au alikimbia. Na mizigo hakubeba yeye.

#29 Konda Mstaafu

Stanley hakuwa na medali lakini.

#30 Nyuki wa Sikonge

Wala hakuishiwa sukari, alipita kwenye asali.

#31 Saa Mkononi (Kigoma)

Kuna kitu hamjakitaja. Kuna watu wanapanga kabisa kutembea kwenye marathoni. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 Olimpiki ya 1972, amefundisha watu wengi kukimbia dakika kadhaa na kutembea kidogo tangu mwanzo kabisa wa mbio, kabla hujachoka. Na kwenye kanuni hakuna kinachomzuia mkimbiaji wa marathoni kutembea. Wenye masharti ni wale wa mbio za kutembea, wao ndio wanafukuzwa wakikutwa miguu yote miwili iko hewani. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza kisheria ni ndiyo. Kwa shemeji yako sijui.

Makosa ya mtoa mada ni kwamba alitembea akiwa amelazimishwa. Angetembea kwa hiari kilomita ya 5, ya 10, ya 15, dakika moja moja, pengine ya 33 ingemkuta yuko hai.

#32 Mzee wa Bangwe

Yaani atembee wakati bado ana nguvu ili asitembee akikosa nguvu. Haya.

#33 Mgebuka Mkavu

Nimepima leo asubuhi, malaria sina. @Mpimaji mkojo ulikuwa wa kawaida, asante kwa kunitisha.

Naona la kwanza hamtakubaliana. Nisaidieni la pili, lengo. Nimeandika matatu kwenye karatasi: (a) kurudi Moshi mwakani nimalize bila kutembea, (b) kuacha 42, nishughulike na nusu mpaka nishuke chini ya saa mbili, (c) kuacha kabisa kukimbiza saa, niwe nakimbia tu.

#34 Binti Kanyenye

(b). Bila kufikiri mara mbili. Umeshafanya nusu kwa 2:05 ukiwa na nusu nyingine mbele yako. Kwenye nusu peke yake, njia tambarare, saa mbili unaikata miezi mitatu tu. Kutoka Kigoma, Mwanza ni karibu kuliko Moshi, nenda mbio za Rock City. Marathoni itakusubiri.

#35 Kwihara Juu

(a). Deni ni deni. Ukienda (b) kila ukiona ile medali utaona Mweka.

#36 Bi Mawese

Mbona hamna hata mmoja aliyechagua (c)?

#37 Saa Mkononi

Kwa sababu (c) ndiyo wanayosema wote kabla hawajanunua saa.

#38 Mwalimu wa Zamu

Mimi naongeza la nne: subira. Alphonce Simbu wetu alipata shaba ya dunia ya marathoni London 2017. Dhahabu ya dunia aliipata Tokyo 2025, kwa 2:09:48, na Mjerumani aliyekuwa wa pili aliandikiwa muda huo huo mpaka sekunde, ikabidi picha iamue. Miaka minane kati ya shaba na dhahabu, na hapo katikati alikwenda Olimpiki akarudi mikono mitupu. Wewe wiki mbili tu unaona umekwama.

#39 Shemeji wa Wote

Mwalimu leo Akhwari, leo Simbu. Kesho utamlinganisha na Filbert Bayi.

#40 Mwalimu wa Zamu

Bayi alikuwa mtu wa mita 1,500. Alianza kwa kasi tangu mlio wa bastola hakusubiri mtu, ndivyo alivyoweka rekodi ya dunia Christchurch 1974, 3:32.2. Kwa hilo la kuanza kwa kasi kweli anafanana na mtoa mada.

#41 Konda Mstaafu

😂 Mwalimu kachomoa.

#42 Daktari wa Miguu

Niulize la kazi yangu. Viatu ulivyokimbilia ni vipi? Na kucha?

#43 Mgebuka Mkavu

Mtumba, nilinunua sokoni Mwanga, vilikuwa vizuri kwa macho. Soli ya ndani ilikuwa imelala upande mmoja, nikaweka kipande cha kandambili. Kucha ya kidole gumba mguu wa kulia imekuwa nyeusi, jana imetoka yenyewe.

#44 Daktari wa Miguu

Kipande cha kandambili! Na hamkuniuliza. Kucha nyeusi ni kiatu kifupi mteremkoni, kidole kinagonga mbele kila hatua. Naongeza kwenye maelezo yangu ya #4: mapaja, na kiatu.

#45 Mama Nasra (Mwanga, Kigoma)

Hamjambo. Mimi nimejiunga leo. Ndiye mke wa huyo Mgebuka. Kucha nimeikuta kwenye kisahani cha chumvi.

Nina swali moja tu kwa mume wangu. Hapa umeandika kilomita tisa. Nyumbani uliniambia nne.

#46 Konda Mstaafu

Uwiiii.

#47 Shemeji wa Wote

Karibu sana dada Mama Nasra. Mimi nilikuwa nakutetea toka #3.

#48 Mzee wa Bangwe

Mwanangu Mgebuka, jibu kwa adabu.

#49 Mgebuka Mkavu

Mke wangu, nne ni zile nilizotembea bila kusimama. Tisa ni pamoja na kusimama.

#50 Reli ya Kati

Chai hiyo, ina tangawizi na mdalasini.

#51 Mama Nasra

Nimeisikia. Ila niwaambie nyinyi mnaomchagulia malengo. Huyu asipokimbia, saa 11 alfajiri ameamka, anazungukazunguka uani, anakohoa, anawaamsha watoto. Hizo wiki mbili ametuchosha. Akimbie (a), akimbie (b), mimi sina habari na herufi, atoke tu.

#52 Bi Mawese

Daku! Si niliwaambia?

#53 Mpimaji

Nakubali kushindwa kwa sehemu. Kupima bado ilikuwa sahihi.

#54 Nyuki wa Sikonge

Mtoa mada, nakutumia vifuko kumi vya asali na treni, vya bure, ujaribu ukiwa mazoezini na siyo siku ya mbio. Nipe jina la mtu wa kupokea stesheni, njoo kwenye ujumbe wa ndani.

#55 Mtoto wa Kibondo

Asimpokee. Yangu itakuja kwa basi.

#56 Saa Mkononi

Mimi niko Kigoma hapa hapa. Jumamosi tukutane watakaoweza, stesheni saa 11 alfajiri. Tushuke Kibirizi, turudi, tupande Mwanga, tumalizie Ujiji kwenye mnara wa Livingstone. Tunakimbia dakika nne tunatembea moja, tangu mwanzo. Mgebuka akiona vibaya tunavunja mpango.

#57 Binti Kanyenye

Jumamosi mwezi ukoje huko?

#58 Mgebuka Mkavu

Giza. Boti zitakuwa majini, mzigo unaingia saa 10. Nikiwahi kupima na kupakia nitawapata mkiwa Kibirizi, nikiwa na harufu ya dagaa lakini. Msinisubiri stesheni.

#59 Shemeji wa Wote

Nami nitakuja, ila kwa bodaboda, kuhakiki nani anatembea.

#60 Daktari wa Miguu

Njoo na hivyo viatu mkononi, usivivae. Nitakaa hapo Kibirizi na gundi. Unavaa namba ngapi?

#61 Mgebuka Mkavu

42.

#62 Daktari wa Miguu

Mguu wako ni 43, najua kabla sijauona.